Uso Upi Ndio Wao

Awendo,
6 Januari 2025

Mdogo wangu Selpher,

Hamjambo huko Pipeline? Mlifika salama na mizigo yenu yote? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila mgongo wa mama mkwe wangu umeanza tena, na Baba Whitney ana kikohozi chake cha kila msimu wa kukata miwa. Whitney ni mzima, anakula, anacheza, anawapiga watoto wa jirani mmoja baada ya mwingine. Natumai Elsie naye ni mzima, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utasema mbona sikupiga simu. Simu ya hapa unaijua, ni ya Baba Whitney na ya kila anayepita, na mtandao unapatikana mahali pamoja tu, karibu na jiko la Dani, na huyo mama mkwe wangu hakuna neno linalompita. Haya ninayotaka kusema ni ya mimi na wewe, watoto wa baba mmoja tuliokulia kwenye nyumba za reli. Kwa hiyo nimempa kondakta wa basi barua hii pamoja na njugu.

Selpher, nimechanganyikiwa. Siku ile ya Krismasi watoto waliposimamishwa pamoja wapigwe picha, uliwasikia watu walivyocheka. Shangazi yao akasema, "Hawa ni mapacha wa wapi? Mmoja mraba, mwingine ndizi!" Wewe ulicheka pia, nilikuona. Mimi sikuona cha kucheka. Hawa watoto walitoka tumboni mwangu na uso mmoja. Niliwahi kumnyonyesha Whitney mara mbili mfululizo nikidhani wa pili ni Elsie, mwenzake akalia hadi sauti ikakauka. Ulipomchukua Elsie akiwa na miaka mitatu ili nami nipate kupumua, walikuwa bado mtu mmoja mara mbili. Dani kwake wao ni Apiyo na Adongo tu, majina ya kimila ya mapacha, na hata yeye alikuwa akiwaita yote mawili kwa pamoja ili asikosee.

Sasa wana miaka tisa. Macho ni yale, paji la uso ni lile, pua ni ile. Lakini kuanzia puani kushuka, mtoto wangu simjui. Uso wa Elsie umekuwa mrefu na mwembamba. Whitney mashavu yamejaa, taya ni pana, kidevu kimesimama mbele kama cha mtu mwenye shamba lake. Dani hakuzungusha maneno. Alisema huyu wa Nairobi hashibi.

Nakuuliza kama dada yako mkubwa, unamlisha nini? Najua unaamka mapema kwenda kushona sare za watu, na najua maisha ya huko kwenye magorofa, mkate na chai, chai na mkate. Usikasirike. Lakini nimeamua. Shule zikifungwa mwezi wa nne umlete Elsie, na safari hii hatarudi. Nguo zake zote mpakie.

Dada yako,
Rispa


Pipeline, Nairobi,
19 Januari 2025

Kwako Dada Rispa,

Pokea salamu zangu na za Elsie, ambaye amesimama nyuma yangu akitaka kujua ninaandika nini. Nimemwambia ni hesabu za duka, ameondoka. Shemeji anaendeleaje na kikohozi? Na mgongo wa Dani je? Njugu zilifika. Kondakta alionja kidogo lakini tumemsamehe.

Barua yako niliisomea dukani, kwenye cherehani. Nikaendelea kushona, na nilipoinua shati nikakuta nimeunga mkono mmoja ndani nje. Nimeumia, Dada, sitaficha. Elsie anakula. Anakula ugali wake, anamalizia na wangu, anakula chapati za majirani, na akitoka shule anasimama kwa muuza viazi kama askari wa zamu. Lakini niliitoa ile picha ya Krismasi nikaiangalia vizuri, na nami nikashtuka. Unapoishi na mtu kila siku humwoni. Nikachukua futi yangu ya kushonea nikaiweka juu ya picha kama mtu aliyerukwa na akili. Kutoka paji hadi pua watoto ni sawa. Kutoka pua hadi kidevu, Elsie amemzidi Whitney kabisa. Sasa niambie, ni njaa gani hiyo inayorefusha mtu kidevu?

Nilianza na yale tunayoyajua. Nilienda Kiamaiko, Abdiwali anayeniuzia nyama akanichagulia kichwa cha mbuzi kilichonona, nikachemsha supu hadi jirani wa juu akaniuliza kama nimefungua hoteli. Elsie alikunywa wiki nzima. Mashavu yako pale pale. Mwishowe akachoka, akaniuliza, "Auntie, kwani uso yangu imeharibika? Mbona kila mtu ananiangalia hivo? Mimi nikijiona kwa kioo naona tu ni mimi." Nilimwambia anywe supu.

Nikampeleka kliniki huku Tassia. Walimpima uzito, damu, minyoo, kila kitu. Muuguzi akaniambia, "Mama, huyu ako sawa kabisa. Ni mdomo tu ndio haina breki." Kisha akaitazama picha. Akafunika nusu ya juu kwa kiganja, halafu nusu ya chini, akarudia tena. Akasema hajui, ila tofauti yote iko kwenye taya, kwa hiyo nimwone daktari wa meno. Foleni ya huko ni ndefu, sijui nitaitwa lini.

Dada, nakuomba usiamue mambo ya mwezi wa nne kabla hatujajua. Mimi sikujaliwa mtoto, na wewe ndiye unayejua nimezunguka wapi na wapi. Huyu ndiye ninayemsuka Jumapili, ndiye ninayegombana naye asubuhi juu ya soksi. Naogopa kumpoteza, nakwambia wazi. Ukimchukua kwa sababu ya kosa nililofanya nitakubali. Lakini kwanza nijue ni kosa gani.

Mdogo wako akupendaye,
Selpher


Awendo,
9 Februari 2025

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo wa Dani umepoa, kwa hiyo ulimi wake umerudi kazini. Baba Whitney anakusalimu, anasema umtafutie suruali ya bei ya shemeji. Mvua haijaonekana. Wewe na Elsie mko salama?

Supu ya kichwa umenichekesha, nilimsomea Dani kipande hicho (hicho tu) akasema mbuzi wa Nairobi nao hawashibi. Lakini Selpher, daktari wa meno wa nini? Tangu lini meno yakamkondesha mtu? Unazunguka mji mzima ukitafuta jina la kitu ambacho kila mtu anakiona. Mtoto aliyeshiba anajulikana kwa mashavu, hilo halihitaji darubini.

Mwangalie Whitney. Anakula miwa kama trekta. Akitafuna, mpaka hapa pembeni ya macho panatuna, yaani nyama inacheza kwenye kichwa kizima. Anavunja mahindi makavu yaliyowashinda watu wazima. Na wala hakupata meno mazuri kuliko Elsie, wote walianza kuoza magego ya utoto wakiwa na miaka minne. Wewe uliyabembeleza ya Elsie, mara dawa, mara kuzibwa, ukahangaika kwenye foleni na mtoto analia. Mimi nilimpeleka Whitney kwa yule mzee wa siku ya soko, akayang'oa yote ya chini, pande zote mbili, siku moja tukamaliza. Meno ya utoto ni ya nini, si yanaota mengine? Hakukosa hata mlo mmoja. Kuna jioni analalamika kichwa, lakini nani haumwi kichwa na jua la huku.

Nimekuwekea picha aliyopigwa shuleni, moja ya mbele na moja ya upande. Kama utamwona huyo daktari wako, mwonyeshe, aone mtoto anayelishwa anavyokaa.

Mwezi wa nne ni mwezi wa nne. Sitaki tugombane. Ila kila nikilala nauona ule uso mrefu wa Elsie na nasikia kama ananidai kitu, na sijui ni nini, na hilo ndilo linanichanganya kuliko maneno ya Dani.

Dada yako,
Rispa


Pipeline, Nairobi,
4 Mei 2025

Dada Rispa,

Hamjambo nyote? Natumai barua hii inawakuta wazima, na mvua imewanyeshea kwa kiasi. Sisi tuko, tunapumua.

Najua hutaki salamu zangu. Mwezi wa nne umepita, Elsie sikumleta, na ulipopiga simu nilikwambia ana homa. Hakuwa na homa, alikuwa anaruka kamba kwenye veranda. Nilikudanganya kwa sababu nilikuwa nimebeba neno ambalo sikujua nilitoe vipi. Nimeliandika mara nyingi nikalichana. Leo naliandika na silisomi tena.

Tulimwona daktari wa meno mwishoni mwa mwezi wa tatu. Anaitwa Gitonga, ni mtu wa kuongea polepole. Alimwangalia Elsie mdomoni, akamwambia aume, afungue, aume tena, akampapasa mashavu na pembeni ya macho. Kisha akaniuliza, "Mama, umeniletea huyu nimtibu nini? Meno yake yanakutana vizuri, na uso wake umekua vile ulipaswa kukua." Nikampa picha za Whitney ulizotuma. Nikamwambia huyu ni pacha wake, na tunataka kujua kwa nini Elsie amekonda uso hivyo. Akaiangalia sana ile ya upande. Kisha akaniuliza, "Huyu aling'olewa magego akiwa mdogo?"

Dada, barua yako ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilihisi kama nimekamatwa nikiiba.

Nitajaribu kukueleza alivyonieleza, na ukiona sieleweki ujue na mimi nilirudi nyumbani nusu nimeelewa. Aliniambia nishike shavu langu na niume meno kwa nguvu. Nikasikia nyama ikituna chini ya vidole. Ni ile nyama ya shavu tunayoigombania kwenye kichwa cha mbuzi. Akasema magego ndiyo yanayoamua taya litasimama wapi mdomo ukifungwa. Yakiondolewa mapema, pande zote mbili, mtoto akiuma taya la chini linapanda kupita kiasi, na kidevu kinasogea mbele. Ile nyama inazoea kufanya kazi ikiwa imejikunja, inakuwa fupi na nene, inavuta kwa nguvu, na mifupa ya mtoto inakua ikifuata inavyovutwa, taya na hata pembeni ya fuvu. Mimi nililielewa kwa kazi yangu. Ukikunja pindo kubwa kwenye sketi, kitambaa hakijapungua, lakini sketi imekuwa fupi.

Nikamuuliza, mbona meno mengine yameota? Akasema yameota mahali palipokwisha kubanwa, hayakupata nafasi ya kupanda. Nikamuuliza, sasa ni nyama inayovuta mfupa au ni mfupa unaoipangia nyama pa kukaa? Akacheka, akasema hata wao wakubwa bado wanabishana. Basi kama yeye anabishana, mimi ni nani?

Lakini hili hakulibishania. Yale mashavu ya Whitney si shibe. Kuumwa kichwa jioni si jua. Anataka amwone. Akithibitisha, atamtengenezea kidude cha plastiki cha kuvaa juu ya magego, mchana na hata akila, kiinue kimo cha meno yanapokutana ili ile nyama inyooke na mifupa ipate kukua kwenda chini. Inafaa kufanywa sasa akiwa bado anakua. Akishakomaa ni mambo ya kukata mfupa.

Nilienda pale kutafuta kosa langu, na nilikuwa tayari kulibeba. Nimerudi na kitu ambacho sijui nikiweke wapi. Usidhani nimefurahi. Nilijaribu kufurahi nikashindwa.

Mdogo wako,
Selpher


Awendo,
11 Mei 2025

Selpher,

Sisi ni wazima. Natumai nawe ni mzima.

Kwa hiyo mtoto aliyejaa ndiye mgonjwa, na aliyekonda ndiye mzima. Na anayekwambia hivyo ni mtu ambaye hajawahi kumwona mtoto wangu, ameona karatasi. Nilikupa hizo picha umwonyeshe uzuri wake, wewe ukaenda kumfanyia kesi. Ungesema tu kwamba hutaki kumrudisha Elsie, ningekuelewa vizuri zaidi kuliko hizi habari za sketi na pindo.

Huku watu wananiambia Whitney ni picha ya marehemu baba yetu. Sasa niwaambie nini, kwamba si baba, ni magego?

Usiniandikie tena mpaka siku ya kumleta mtoto.

Mama Whitney


Pipeline, Nairobi,
15 Juni 2025

Dada yangu,

Umenikataza kuandika na mimi naandika. Hamjambo? Kichwa cha Whitney kinaendeleaje? Nauliza hicho tu, hata usiponisalimu.

Nilimpigia shemeji simu. Akasema mko salama na kwamba wewe huna la kusema. Nikamuuliza kama Whitney bado anakula miwa, akasema siku hizi anaimumunya tu, haitafuni. Hakuliona kama jambo. Ndiyo maana naandika.

Usiniamini mimi. Usimwamini daktari. Mshike tu pembeni ya macho akiwa anatafuna, umuulize.

Mdogo wako,
Selpher


Pipeline, Nairobi,
20 Julai 2025

Dada Rispa,

Salamu kwako na kwa wote walio nyumbani. Sijapata jibu, na kondakta ananiapia kwamba barua alikukabidhi mkononi. Kwa hiyo umesoma, na umenyamaza.

Nimewaza sana na nimefika mahali pa kusema hivi. Kama kinachokuzuia ni kwamba unaniona ninampigania Elsie, basi nimeacha kumpigania. Mlete Whitney mwezi wa nane shule zikifungwa. Kaeni kwangu, kitanda mtalala nyinyi. Atibiwe. Na siku utakayoondoka, ondoka na Elsie. Nimeshaanza kumwambia. Alisema, "Na nani atakuambia soksi ziko wapi?" Nikamwambia nitazitafuta mwenyewe. Nikaenda nikajifungia chooni, maji yamekatika, nikalia bila hata kuweza kunawa uso.

Sitaki utumie neno hili kunihurumia. Nataka ulitumie kupanda basi. Whitney naye nilimpakata, Dada. Naye ni wangu kidogo.

Mdogo wako,
Selpher


Awendo,
7 Septemba 2025

Selpher wangu,

Hamjambo nyote watatu? Whitney analala vizuri? Yale mate ya kile kidude yamepungua, au bado anaongea kama mtu aliyeweka yai mdomoni? Na wewe miguu yako na hizo ngazi? Huku tuko salama. Baba Whitney anakohoa, Dani anasema, kila mtu yuko kwenye kazi yake. Mimi mwili ni mzima. Moyo bado sijaelewa uko upande gani.

Nilipokuwa kwako sikuongea, na wewe ukaheshimu ukimya wangu, asante. Sasa nitaongea, kwa kuwa kwenye karatasi huwezi kuniangalia.

Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma nikaikunja. Siku hiyo hiyo nilichemsha mahindi, nikakaa karibu na Whitney, nikajifanya namtoa kitu nywelani, nikamshika pembeni ya macho. Alikuwa anatafuna akiacha, anatafuna akiacha. Nikamuuliza kama panauma. Akasema, "Inauma kila siku, Mama. Lakini ukiniona sitafuni utasema nimekonda kama Elsie." Niliondoka pale nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Hata hapo sikukuandikia. Nilikuwa nimekukasirikia mno hata nikashindwa kukukubalia kitu kidogo kama hicho. Barua ya mwezi wa saba ndiyo iliyonipandisha basi.

Lakini kuna kitu hukukijua. Nilikuja na begi tupu, limekunjwa ndani ya begi langu. Ulikuwa umesema nimchukue Elsie, nami nilikuwa nimekubali. Nilipanga kabisa, siku ya kuondoka nikuachie mmoja nibebe mwingine, iwe sawa, kila mtu na wake. Hata nilipokuwa nakula chakula chako, begi lilikuwa pale chini ya kitanda chako.

Kisha tukaenda kwa Gitonga. Uliona mwenyewe. Alimpima Elsie kutoka puani hadi kidevuni, akamwekea Whitney nta katikati ya meno, akaongeza, akapunguza, akarudi kwa Elsie akapima tena. Nikamuuliza, "Kwani huyu unampima wa nini, si umesema ni mzima?" Akasema, "Huyu ndiye anayenionyesha mwenzake angekuwa wapi. Sitapandisha yote mara moja, nyama iliyofupika ukiivuta ghafla inagoma. Nitapandisha kidogo kidogo, na kila mara nitamhitaji huyu, kwa sababu naye anakua. Bila yeye ningekuwa nakisia." Wewe ulitikisa kichwa tu kama mtu anayesikia bei ya kitambaa. Mimi nilikuwa nasikia begi langu likibaki tupu.

Ule uso mrefu nilioulilia tangu Krismasi, ule niliosema ni wa njaa, ndio mtoto wangu angekuwa nao pia kama ningeyaacha yale meno mahali pake. Nimejaribu kulizoea wazo hilo na linanikataa. Wakati mwingine naamka nikiwa nimeelewa, nikifika mtoni nimesahau tena nilielewaje.

Siku ya kuondoka, pale chini ya gorofa la plot yenu, yule mwanamke wa mboga aliita, "Mama Elsie, mgeni anaenda?" Na wewe ukaitika haraka, kisha ukaniangalia kwa hofu. Mimi nilijifanya nahesabu mizigo. Sikukasirika, Selpher. Nilitaka kukwambia hapo hapo, badala yake nikainua mizigo. Mwanamke aliyezibisha magego ya mtoto ambayo kila mtu alimwambia yatang'oka yenyewe, mtu huyo aitwe nini kama si mama?

Nilipofika nyumbani Dani alikuwa kwenye kiti chake. Akaniuliza, "Umetuletea nani?" Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Alinung'unika, akatafuta neno, hakulipata. Ndiyo mara ya kwanza tangu niolewe. Jioni nilipika ugali wa watu wengi, nikampa mbwa wa jirani uliobaki.

Sasa nikuombe jambo moja, na usinicheke. Gitonga alisema uso wa Whitney utasogea polepole, huenda ufike kwa Elsie, huenda ukomee katikati, hajui. Mimi ule uso wa mraba ndio niliouosha, ndio niliougombeza, ndio niliolala nao. Nimemleta unyooshwe, na nitafurahi ukinyooka, na hapo hapo nimeanza kuukosa. Sijui kama hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, lakini ndani yangu yamekaa. Kila mwezi mpige picha unitumie. Nataka nimzoee kidogo kidogo kama hiyo nyama yake inavyozoezwa, nisije siku moja nikashuka kwenye basi hapo Nairobi nikampita mwanangu nikidhani ni mtoto wa watu.

Mama mwenzako,
Rispa